Wajua Noeli ya Japani, lakini je, wajua mazuku ya nyuma ya nyumba?

Kila mwezi wa kumi na mbili, simu za Goma, Bukavu, Butembo na Uvira zinajaa ujumbe wa aina moja: "Je, wajua?" Je, wajua kwamba Japani watu wengi wanakula kuku wa KFC siku ya Noeli, na wanamuagiza majuma mbele? Je, wajua kwamba Wahispania wanameza zabibu 12 saa sita ya usiku wa Bonane, moja kwa kila mlio wa saa? Ufilipino nyimbo za Noeli zinaanza kusikika mwezi wa tisa. Ethiopia ina miezi 13, na Noeli yake inaangukia tarehe 7 ya mwezi wa kwanza. Ujumbe unatoka katika kundi la kwaya, unaingia katika kundi la familia, unapita kwa wamotari, na kabla ya jioni mama anayeuza makala sokoni anasimulia Noeli ya Japani kama mtu aliyezaliwa Tokyo.

Hakuna ubaya hapo. Kujua namna wengine wanavyosherehekea ni njia moja ya kusahau bei ya unga kwa dakika mbili. Shida iko kwingine. Mtu yule yule anayejua hesabu ya zabibu za Madrid, akiulizwa kwa nini mbuzi anaweza kukutwa amekufa asubuhi ndani ya bonde dogo kando ya barabara ya Sake, bila kidonda na bila damu, mara nyingi atasema ni sumu, ao ni uchawi, ao ni jirani mwenye roho mbaya. Jibu lipo. Lina jina, na jina hilo linasemwa katika Kiswahili cha Goma: mazuku. Wanasayansi wa Ulaya na Amerika wanaliandika hivyo hivyo katika vitabu vyao. Ila mtoto aliyefika Goma juzi pamoja na wazazi wake, akikimbia risasi, hakuna aliyemfundisha.

Chukua mwezi wa kwanza. Ndio mwezi ambao Kongo inapumzika kuliko miezi yote. Tarehe 1 ni Bonane. Tarehe 4 ni ya mashujaa wa uhuru, kwa ajili ya waliokufa Léopoldville mwaka 1959. Tarehe 16 ni ya Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa mwaka 2001. Tarehe 17 ni ya Patrice Lumumba, aliyeuawa kule Katanga mwaka 1961. Kati ya vifo vya wanaume hao wawili kuna miaka 40 kasoro siku moja. Kwa swali hilo peke yake mwalimu wa historia anaweza kuamsha darasa zima lililosinzia.

Kwa mtu wa Goma, mwezi wa kwanza una kalenda ya pili, ambayo haimo katika orodha ya serikali. Tarehe 10 ya mwezi wa kwanza 1977, ziwa la moto lililokuwa ndani ya mlima Nyiragongo lilipasua kuta na kumwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, inatiririka karibu kama maji, kwa sababu ina silika kidogo sana. Siku ile mwendo wake kwenye miteremko ulikadiriwa kufika kilometa 60 kwa saa. Ni mwendo wa motari mwenye haraka. Watu wa vijiji vya chini ya mlima hawakupata hata nafasi ya kuita watoto.

Miaka 25 baadaye, Alhamisi ya tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 2002, siku ya kumbukumbu ya Lumumba, mlima ulifunguka tena. Safari hii nyufa zilishuka hadi karibu na Munigi. Lava ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji, ikala maduka na kanisa kuu la Wakatoliki, ikaingia ziwani Kivu ikitoa mvuke. Mamia ya maelfu ya wakaaji walivuka kwenda Gisenyi, na wengi wao wakarudi kwa siku chache wakikanyaga jiwe ambalo lilikuwa bado linachoma soli za viatu. Siku chache baadaye kituo cha mafuta kilichozungukwa na lava kililipuka na kuua makumi ya watu. Na tarehe 22 ya mwezi wa tano 2021, Jumamosi jioni, anga la Goma liligeuka jekundu kwa mara ya tatu. Lava ilisimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Nyumba zaidi ya 3,000 zilipotea.

Katika mlipuko ule wa 2021, si wote waliokufa walichomwa na moto. Kuna watu waliokufa kwa kupita juu ya lava ambayo ilikuwa imeganda kwa nje tu, wakapumua gesi zilizokuwa zikitoka ndani, wakaanguka. Moto walikuwa wameukimbia na kuushinda. Hewa ndiyo iliyowaangusha.

Hapo ndipo mchezo wa "Je, wajua?" unapoacha kuwa mchezo. Mambo ya kushangaza ya Japani ni ya kufurahisha kwa sababu hayamuhusu mtu wa Kivu. Mambo ya kushangaza ya Kivu yanamuhusu mpaka mapafu, na labda ndiyo sababu yanaachwa pembeni: mtu hapendi kufurahishwa na kitu kinachoweza kumuua mtoto wake. Lakini kisichochekesha hakisambazwi, na kisichosambazwa kinasahaulika.

Wakaaji wa zamani hawakuyaacha pembeni. Waliyaweka katika majina. Virunga inatokana na neno ambalo kwa Kinyarwanda linamaanisha milima ya moto. Karisimbi, mrefu kuliko yote kwa mita 4,507, jina lake linahusishwa na isimbi, ile simbi nyeupe, kwa sababu kichwa chake hupauka kwa barafu asubuhi fulani. Sabinyo, ambapo Kongo, Rwanda na Uganda zinagusana, ni mzee wa meno makubwa, na anayeutazama mlima ule kutoka mbali atayaona meno yenyewe. Mikeno ni fukara, fasi isiyomkubali mtu. Nyiragongo ana jina la mwanamke: nyira, kama vile kusema mama fulani. Jirani yake Nyamulagira ndiye mwenye hasira za mara kwa mara. Amelipuka zaidi ya mara 40 tangu mwisho wa karne ya 19, ila mara nyingi anamwaga moto wake porini, mbali na watu, ndiyo maana hazungumziwi sana.

Mapokeo ya sehemu hizi yalikwenda mbali zaidi. Katika ibada ya zamani ya Ryangombe, waliopokelewa katika ibada wakifa walikwenda kupumzika pamoja naye Karisimbi, kwenye ubaridi. Waliobaki nje walitupwa katika moto wa Nyiragongo. Leo mchungaji ataita habari hiyo upagani, na mwanafunzi wa chuo ataita hadithi ya bibi. Wote wawili wana haki ya kusema hivyo. Lakini hadithi ile ilimfundisha kila mtoto kwamba milima hii miwili si sawa, kwamba mmoja ni wa kukaa na mwingine ni wa kuogopa, na ilimfundisha kabla hajajua kusoma. Siku hizi mtoto anamaliza shule ya msingi akiwa ameweza kutaja urefu wa mto Kongo, na hajui rangi nne za bendera ambazo kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma hutumia kutangaza hali ya mlima: kijani, njano, rangi ya machungwa, nyekundu. Kwa Goma, njano ni hali ya kila siku. Mgeni akiiona anaweza kudhani mji unakaribia kuwaka. Mwenyeji ameizoea hadi haioni tena. Wote wawili wanahitaji mtu wa kuwaeleza.

Sasa mazuku yenyewe. Chini ya ardhi ya magharibi ya Goma, kuelekea Sake na kando ya ufukwe wa kaskazini wa ziwa, kuna nyufa zinazopandisha gesi ya kaboni. Ni gesi ile ile inayotengeneza mapovu katika chupa ya Fanta ao ya Primus. Haina rangi. Haina harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo haipandi juu. Inashuka, inatafuta shimo, mfereji, bonde dogo, sehemu ya chini ya jiwe la lava ya zamani, na inajilaza humo kama maji ndani ya beseni. Usiku, wakati hakuna jua wala upepo wa kuitawanya, beseni linajaa. Asubuhi mapema linakuwa bado limejaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, sehemu fulani zinapungua, na mtu anayepita saa sita ya mchana anaweza kuapa kwamba fasi ile haina neno.

Hewa ikiwa na sehemu 10 kwa 100 za gesi hiyo, mtu anaweza kupoteza fahamu kwa dakika chache, na katika mashimo ya mazuku kiasi hicho huvukwa sana. Hapo kuna jambo ambalo kila mzazi angepaswa kulijua kabla ya kujua jambo lingine lolote kuhusu Goma: urefu wa mtu unaamua. Gesi ikifika kwenye magoti ya baba, imefika puani kwa mtoto anayetambaa. Kuku na mbuzi wanatangulia, ng'ombe anabaki amesimama. Baba anaweza kupita akisikia tu miguu ina joto kidogo na kichwa kizito, huku mbwa anayemfuata anaanguka. Na mama anayemuona mtoto ameanguka anafanya kile ambacho kila mama angefanya: anakimbia, anainama kumuinua. Kwa kuinama huko anatia kichwa chake ndani ya beseni.

Vitabu vya kigeni vinatafsiri mazuku kuwa "upepo mbaya". Mtu wa pwani, Mombasa ao Tanga, akilisikia neno hilo atafikiria mzuka, kitu kinachotokea ghafla na kumtisha mtu usiku. Maana zote mbili zinakaa vizuri. Wazee walijua kwamba kuna fasi ambapo hulali, huchungi mifugo alfajiri, hujengi. Hawakujua habari ya kaboni; walijua fasi. Elimu ya kuokoa maisha haidai zaidi ya hapo.

Na neno likasafiri. Wachunguzi wa volkano wa dunia nzima wana maneno machache waliyoyaazima kwa wenye milima. Majina ya aina mbili za lava, aa na pahoehoe, yametoka Hawaii. Geyser, chemchemi ya maji ya moto inayoruka juu, imetoka Iceland. Tsunami imetoka Japani. Na kutoka Goma wamechukua mazuku. Kuna wanafunzi Ulaya wanaofanya mtihani juu ya neno hilo. Ni heshima, bila shaka, na ingekuwa "Je, wajua?" nzuri kuliko ile ya zabibu. Ila heshima hiyo ina uchungu ndani yake: neno limepata wasomi mbali, na huku lilikozaliwa wako wanaokufa bila kulijua.

Kwa nini hawalijui? Kwa sababu watu wanaolala juu ya mazuku leo si wajukuu wa wale waliolitunga. Vita vimehamisha Kivu ya Kaskazini yote. Kati ya 2022 na 2024, mamia ya maelfu ya watu kutoka Rutshuru, Masisi na eneo la Nyiragongo walisimamisha vibanda kuuzunguka mji wa Goma: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na kwingine. Mkulima wa Rutshuru anajua udongo wake, anajua mvua yake, anajua ni kilima kipi kina nyoka. Lava nyeusi ya magharibi ya Goma haijui. Akifika usiku na watoto sita na shiti moja, anatafuta fasi iliyo chini kidogo, yenye kujificha upepo. Kwa akili ya kawaida, amechagua vizuri. Kwa ardhi ya Goma, amechagua beseni.

Kuna wanaosema kwamba katika inchi ambapo watu wanauawa kwa panga na kwa bomu, kuzungumza juu ya gesi na majina ya milima ni anasa. Ni hoja yenye uzito, na haifai kudharauliwa. Aliyefiwa na watoto wawili kwa kombora hatafarijika kwa kujua asili ya neno mazuku. Lakini hoja hiyo inasahau kitu kimoja. Bunduki zina wakubwa wengi na mazungumzo yao hufanyika Nairobi, Luanda, Doha, Washington. Mama wa kibanda hana kiti katika meza hizo. Beseni lililo nyuma ya kibanda chake halihitaji mkutano wa marais, linahitaji jirani aliyetangulia kufika amwambie, "Mama, pale usilaze watoto." Ni moja ya hatari chache za Kivu ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzikwepa kwa kujua tu.

Na si kweli kwamba elimu ya aina hiyo ni ndogo. Kuna mfano mmoja ambao ungestahili kuzunguka katika simu zote za Kivu kila tarehe 26 ya mwezi wa kumi na mbili, siku moja baada ya Noeli. Tarehe hiyo mwaka 2004, tetemeko kubwa lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia, na mawimbi yake yakaua watu zaidi ya 200,000 katika inchi nyingi, hadi pwani ya Somalia. Kisiwa cha Simeulue kilikuwa miongoni mwa fasi zilizo karibu zaidi na kitovu cha tetemeko. Kina wakaaji zaidi ya 70,000. Waliokufa ni 7. Hawakuwa na mitambo ya kutoa alama, wala king'ora. Walikuwa na neno: smong. Mwaka 1907 wimbi lilikuwa limewaua babu zao, na tangu siku hiyo mabibi waliwaimbia watoto kwamba ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, hakuna kuokota samaki, ni kukimbilia mlimani. Ardhi ilipotikisika asubuhi ile, mtu mmoja alipiga kelele "smong", mwingine akaitikia, na kisiwa kizima kikapanda kilima. Banda Aceh, mji mkubwa wenye redio na televisheni, haukuwa na neno hilo. Waliokufa kule ni makumi ya maelfu.

Goma inalo neno lake. Kinachokosekana ni nyimbo.

Hata Japani ile ya kuku wa Noeli ina jambo lingine ambalo halitumwi katika simu. Tarehe 1 ya mwezi wa tisa kila mwaka, kwa kukumbuka tetemeko lililobomoa Tokyo mwaka 1923, shule, ofisi na viwanda vinafanya zoezi: king'ora kinalia, watoto wanaingia chini ya meza, wanapanga mstari, wanatoka. Wajapani wameugeuza msiba kuwa siku ya kalenda, na siku ya kalenda kuwa mazoea ya mwili. Kama kuna kitu cha kuiga kutoka Japani mwisho wa mwaka, kuku ni wa pili.

Goma ingechagua tarehe gani? Tarehe 17 ya mwezi wa kwanza inaonekana kujileta yenyewe, lakini haifai. Kwanza Lumumba ana haki ya siku yake bila kugawana na mlima. Pili, ni siku ya mapumziko, na watoto hawako darasani. Tarehe 10 ya mwezi wa kwanza imekwisha kuwa mbali; wanaoikumbuka 1977 wana mvi. Inabaki tarehe 22 ya mwezi wa tano. Shule ziko wazi, na kila mtu aliyekuwa Goma mwaka 2021 anaweza kusema alikuwa wapi anga lilipobadilika rangi. Haihitaji sheria kutoka Kinshasa. Wakuu wa shule, mashefu wa kata na wale wa nyumba kumi wanatosha kuianzisha, kata moja baada ya nyingine.

Na ifanyike kwa Kiswahili. Hilo linaweza kuonekana jambo la kujulikana, lakini mara nyingi maelezo ya hatari katika mji huu yanaandikwa kwanza kwa Kifaransa cha ofisi, na yanapofika kwa mama wa kibanda yamekwisha kupita midomo minne. Mwaka 2002, kabla ya mlipuko, mchunguzi Dieudonné Wafula alikuwa ameona dalili na kuonya. Onyo lilikuwepo, halikufika kwenye masikio ya wengi kwa wakati. Mwaka 2021 mambo yaligeuka: siku chache baada ya lava kusimama, wakaaji walipoamriwa kuondoka kwa kuogopa mlipuko chini ya mji na chini ya ziwa, uvumi ulikuwa mwingi kuliko maelezo. Watu walisikia kwamba ziwa litapasuka. Wengine walikimbia bila watoto wao, watoto wakabaki wakizunguka Sake na Gisenyi wakitafuta wazazi.

Habari ya ziwa nayo ilihitaji mtu wa kuieleza vizuri. Ni kweli kwamba Kivu imehifadhi chini yake karibu kilometa za ujazo 300 za gesi ya kaboni na 60 za metani. Ni kweli pia kwamba ziwa dogo la Nyos, Kameruni, lilitoa gesi yake usiku wa tarehe 21 ya mwezi wa nane 1986 na kuua watu karibu 1,700 wakiwa wamelala. Lakini gesi ya Kivu imelala chini sana, na uzito wa maji ya juu unaishikilia. Mwaka 2002 lava iliingia ziwani na gesi haikuamka. Rwanda tangu 2016 inavuta metani hiyo na kutengeneza umeme. Mtu anayejua yote hayo hawezi kulala kabisa bila hofu, ila hofu yake inakuwa na kipimo, na mtu mwenye hofu ya kipimo anakumbuka kushika mtoto mkono kabla ya kutoka mlangoni.

Ziwa hilo, kwa njia, lina mambo mengine ya kutosha kujaza simu mwaka mzima. Zamani za kale maji yake yalikwenda kaskazini, kuelekea ziwa Édouard na mto Nil. Milima ya Virunga ikaota katikati ya njia, ikafunga mlango, maji yakapanda hadi yakapata pa kutokea kusini, kwa mto Ruzizi. Maana yake, mvua inayonyesha Goma leo inashuka Tanganyika na kumalizika katika Atlantiki kupitia mto Kongo, kwa sababu tu volkano ziligeuza uso wa ziwa. Na sambaza, zile zinazoliwa na ugali kila jioni Bukavu na Goma kama vile ziliumbwa pamoja na ziwa, ni wageni: zililetwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950. Mkimbizi wa ndani anayeambiwa kwamba si wa hapa angeweza kujibu kwamba hata sambaza si wa hapa.

Kwa mazuku, kazi inayobaki ni ya fundi wa mbao na rangi. Mashimo mabaya zaidi yanajulikana. Wachunguzi wameyapima na kuyachora kwenye ramani. Kila moja linahitaji kibao chenye neno moja kubwa, MAZUKU, na picha ya mtoto aliyelala na msalaba mwekundu juu yake, kwa wale wasiosoma. Chini ya picha, maneno machache: hapa usilale, usichimbe choo, usichunge mbuzi asubuhi. Mtu akianguka, usiiname peke yako; ita watu, mfunge anayeingia kamba kiunoni, ashikilie pumzi, avutwe haraka. Ukiona wadudu na ndege wamekufa pamoja, rudi nyuma. Kibiriti kikizimika chenyewe ukikishusha, rudi nyuma. Kisipozimika, bado usilaze mtoto hapo.

Redio za Goma zina michezo ya maswali ambayo wasikilizaji wanapiga simu na kushinda unite. Mara nyingi wanaulizwa nani alishinda Kombe la Dunia ao mji mkuu wa Australia ni upi. Swali la kesho asubuhi lingeweza kuwa hili: ni saa ngapi za siku ambapo shimo la mazuku ni baya zaidi, na kwa nini? Anayejibu kwa usahihi apewe unite zake, na jibu lirudiwe mara tatu, polepole, kwa Kiswahili, kwa ajili ya mama aliyefika jana usiku.